Madirisha ya Meli ya Kasa

Seoul, 6 Machi 1983

Shemeji yangu Ok Mal-rye,

Shikamoo. Natumaini baridi imeanza kulegea huko Chungmu na miguu haikusumbui sana. Huku kwangu sote wazima. Pamoja na barua hii pokea boksi la jinseng, mizizi mizuri ya mlimani. Uchemshe, unywe asubuhi kabla ya kula.

Nisizunguke. Wazee wa kamati ya ufundi wa jadi wanakusudia kunipa cheo cha fundi mkuu wa meli za mfano. Ile meli ya kasa, mfano wa meli za vita za kale zenye paa kama gamba la kasa, iliyo kwenye kabati la vioo wanaisifu kila wanapokuja, na zaidi wanasifu madirisha ya mizinga ubavuni. Madogo kama punje ya mahindi, mraba kamili, pembe kali kama zimekatwa kwa wembe. Sasa wametaka nitengeneze nyingine, kubwa kuliko hiyo, na mwezi wa tisa watakuja wanione kwa macho yao nikitoa madirisha.

Hapo ndipo nilipokwama. Nikitoboa kwa keekee na kufuatisha tupa, pembe zinakuwa duara. Nikitumia patasi, msonobari unapasuka kufuata uzi wake. Marehemu kaka Du-man alinionyesha zamani, ila mambo ni mengi na kichwa kimezeeka. Wewe ulikuwa ukipitapita pale nyumbani, huenda ulimwona ameshika kifaa gani. Nitajie kifaa tu, mengine nitamaliza mwenyewe.

Shemeji yako,
Jegal Chil-bok


Chungmu, 21 Machi 1983

Chil-bok,

Barua yako nimesomewa na Geum-ja wa saluni, na ndiye anayeandika haya. Nimemwambia asipunguze neno wala asiniwekee adabu ambayo sikuitia mwenyewe.

Jinseng nimempa nguruwe wa mama Bae, anayekaa pale juu kwenye ngazi. Amekula yote na boksi lake akalitafuna. Jioni kaharisha. Mama Bae kaja hapa kunigombeza, umemlisha nini mnyama wangu, nikamwambia ni zawadi ya shemeji yangu kutoka Seoul, akasema basi, nimeelewa. Watu wa huku hawajakusahau.

Miguu unaiuliza leo. Miguu hii ndiyo iliyokusindikiza mpaka stendi siku ile, umebeba meli ya kaka yako umeiviringisha kwenye mfarishi wangu wa harusi, ule mwekundu wenye bata wawili. Mfarishi nao hukuurudisha. Du-man anatema damu ndani, wewe unaniambia shemeji usilie, naipeleka kwenye maonyesho, nitaandika jina la kaka kwa herufi kubwa, atapata sifa kabla hajaondoka. Na mimi nikakupa na mayai ya kuchemsha ule njiani. Huwa nayakumbuka yale mayai. Kuku aliyeyataga alikuwa kuku mwema.

Halafu nikaenda sokoni kununua dagaa wakavu, si unajua wale wa bandarini wanafunga kwa magazeti ya zamani. Nafika nyumbani, namwaga dagaa, Du-man anaangalia lile gazeti. Yeye alikuwa anajua kusoma. Akaona picha yako, umesimama ubavuni mwa meli yake, umenyoa vizuri, na chini wameandika kazi ya mikono ya Jegal Chil-bok. Akaniomba nimgeuze alale upande wa ukutani. Kila nikitaka kumgeuza huku anasema niache. Akafa ameangalia ukuta, Chil-bok. Nimeosha maiti ya mume wangu shingo imekakamaa upande mmoja.

Sasa unaniuliza kifaa.

Nitakwambia jambo moja litakalokunyima usingizi. Kaka yako hakukufundisha madirisha kwa sababu kaka yako alikuwa hayajui. Yeye alitengeneza tumbo la meli, akatengeneza mgongo wa kasa na miiba yake, akachonga kichwa cha joka mpaka watoto wanakiogopa. Madirisha ni mimi. Jikoni kwangu, wali unapikika. Wewe ulikaa kwenye karakana ile miaka na miaka ukiona ubavu wa meli unaingia umeshatimia, ukadhani kaka anajifungia akufiche ufundi. Alikuwa anaficha, ndiyo. Ila alikuwa ananificha mimi. Si unajua wazee wa meli wa huku, mwanamke akiruka ubao wa meli, meli inakunywa maji. Hata meli ya mfano, maana nazo zinapelekwa kwenye hekalu la Jemadari aliyepigana kwa meli hizo na kufanyiwa tambiko la kichwa cha nguruwe. Wangejua nimezishika, wasingenunua hata moja, na sisi tungekula nini.

Sharti langu ni hili. Mwezi wa tano ni tambiko la kumkumbuka Du-man. Uje, upige magoti mbele ya picha yake, useme kwa mdomo wako ulichofanya, mbele ya ukoo. Kisha jina lako litoke kwenye lile kabati, liwekwe la kwake. Ukifanya hivyo nitakuonyesha madirisha kwa mikono yangu hii hii. Usipofanya, endelea kupasua mbao.

Ok Mal-rye, mke wa Jegal Du-man


Seoul, 9 Aprili 1983

Shemeji,

Nimesoma na sikukasirika, maana uchungu wa mjane haupimwi. Yale ya gazeti yalikuwa makosa ya mwandishi wa gazeti, nilitaka yasahihishwe, kaka akatutoka kabla.

Kuhusu madirisha nimecheka kidogo, usinichukie. Wewe na kisu cha kukatia figili? Shemeji, nimewaeleza mafundi wenzangu hapa, wakasema ukoo wenu una wanawake wachekeshaji. Madirisha ya kaka yana alama za patasi kuzunguka ukingo wote. Nimeyatazama kwa kioo cha kukuza. Alama ya patasi siwezi kuifananisha na kitu kingine.

Mwezi wa tano sitaweza, wageni wa kamati wamejaa. Ila nitamtuma mtu akafyeke kaburi. Na jina la kaka nitaliweka, nakuahidi, kwa maandishi madogo chini ya langu, cheo kikishatoka. Ukiweka majina mawili kabla ya hapo, kamati inachanganyikiwa.

Kifaa tu, shemeji. Patasi yake ilikuwa na upana gani?

Chil-bok


Chungmu, 30 Mei 1983

Chil-bok,

Tambiko limepita. Nilikuwekea mto wa kukalia, karibu na mlango, nikauangalia mpaka supu ya ng'ombe ikaganda mafuta. Mtu wako wa kufyeka alikuja, kafyeka kaburi la jirani. Ukoo wa Seo umeshukuru sana.

Basi nimekaa, nimefikiri. Miaka yote hii nimelala na donge hapa kifuani, nalo ndilo lililokuwa linaniamsha kuwasha moto. Nimeamua nikupe. Nakupa bure, bila sharti. Soma polepole.

Dirisha halichongwi. Hapo ndipo mlipopotea nyote. Ukishika kifaa tu umeshakosea, maana ubao wa msonobari ukiutoboa tundu la mraba, zile pembe nne ni midomo minne inayosubiri kupasuka. Dirisha linaachwa. Unajenga ubavu, na pale dirisha linapotakiwa hujengi.

Unapasua msonobari mikanda myembamba kama utambi. Unalaza mkanda mmoja chini, huo ni kizingiti. Juu yake unapanga vipande vifupi, kipande, nafasi, kipande, nafasi, kama meno ya mtoto anayeota meno. Nafasi zote ziwe sawa, na kuzisawazisha mimi nilikuwa na kijiti cha kulia chakula, cha shaba, cha marehemu mama yenu, Du-man alikisugua kwa tupa mpaka kikawa mraba kamili. Unakisimamisha, unasukuma kipande kikiguse huku, kingine kikiguse kule, unakitoa, unasogea mbele. Kijiti unakipaka mafuta ya nywele ili gundi isikishike. Gundi ni ile ya kibofu cha samaki, ichemshwe isichemke sana, ikitoa povu umeshaiua. Juu unafunika kwa mkanda mwingine. Unafunga na uzi, unalaza kwenye sakafu upande wa jiko, pale moto unapopita chini yake, kwenye joto la kutosha kumlaza mtoto mchanga, unaweka juu jiwe la kugandamizia kabichi mtungini. Ukitoa jiwe, madirisha yako hayo. Pembe zake kali kwa sababu hakuna aliyezikata. Na maungio hayaonekani, maana ubavu wa meli wenyewe ni mbao zilizoungwa, jicho likiona mstari linasema huo ni ubao.

Alama za patasi unazozisema zipo. Du-man alizipitisha baadaye, juu juu, kuzunguka kila dirisha, wanunuzi waone mkono wa mwanaume. Alikuwa anafanya huku ananitazama kwa aibu. Nilimwambia kwaruza, kwaruza, tupate kula.

Kwa hiyo sikiliza. Meli yako mpya umeshaifunga ubavu, si ndiyo. Ubavu uliofungwa hauingizwi dirisha. Inabidi uuvunje wote, uanze upya kutoka kwenye kizingiti. Muda unao. Anza leo.

Ok Mal-rye


Seoul, 14 Juni 1983

Shemeji,

Sikuzaliwa jana. Unanikatalia miezi mitatu, unanitukana, unamlisha nguruwe zawadi yangu, halafu ghafla unakuwa mwema, na wema wenyewe ni kwamba nivunje kwa mikono yangu meli niliyoijenga miezi yote hii, kabla tu kamati haijaja. Ungekuwa wewe ungevunja?

Kijiti cha kulia na mafuta ya nywele. Hiyo hadithi umeitunga vizuri, nimeisoma mara mbili.

Nimempata mhunzi hapa anayejua kazi. Amenitengenezea patasi ya pembe nne, tupu katikati kama bomba, unaipasha moto kidogo unaigonga mara moja. Nimejaribu kwenye vipande vya ubao, imekubali. Kwa hiyo usijisumbue tena.

Kuhusu jina, baada ya maneno yako sioni sababu ya kuharakisha. Meli ile imekaa kwa jina langu muda mrefu kuliko ilivyokaa kwa jina la mtu yeyote.

Jegal Chil-bok


Chungmu, 2 Agosti 1983

Chil-bok,

Hii ni fupi, Geum-ja ana bibi harusi anayengoja kutengenezwa nywele.

Vipande vya ubao si ubavu wa meli. Kipande ni kifupi, kinakubali. Ubavu ni mrefu, umepindwa, umevutwa, unangoja sababu ya kupasuka. Ukigonga dirisha la kwanza utafurahi. La pili utafurahi. Halafu yataungana.

Nakuapia kwa Du-man kwamba niliyosema mwezi wa tano ni kweli tupu. Usigonge. Vunja, ujenge. Nimekwambia mara mbili sasa, mbele ya shahidi, na shahidi ndiye huyu ameshika kalamu.

Ok Mal-rye


Seoul, 25 Septemba 1983

Shemeji,

Shikamoo.

Walikuja. Nilikuwa nimevaa koti jeupe la kazi, na wapiga picha walikuwepo. Dirisha la kwanza likatoka zuri. La pili pia, wakapiga makofi. La tatu nilipogonga nikasikia sauti ndogo, kama mtu anapasua karanga, na ufa ukatembea kutoka dirisha la kwanza mpaka mkiani. Ubavu ukafunguka wote. Joka likabaki limetazama juu.

Nikawaambia ni ubao, ubao huu haukukauka vizuri. Mzee mmoja wa kamati, mpole tu, akasema haina neno fundi, kazi yako ya zamani si hii hapa kwenye kabati, tufungulie upande mmoja tuone ulivyochonga, ukiurudisha utaurudisha. Ningesemaje? Mwenye meli haogopi kuona ndani ya meli yake. Na mimi nilikuwa na hakika ya alama za patasi. Nikafungua kabati, nikaingiza ncha ya patasi chini ya ukingo wa dirisha, nikabinua.

Vikatoka vipande, shemeji. Vifupi, kimoja kimoja, visafi, kama meno. Mkanda wa chini ukabaki mzima umelala. Nikashtuka. Ningenyamaza, ningetikisa kichwa kama mtu anayejua, ningepona. Lakini nilishtuka mbele yao, nikasema, kumbe. Yule mzee akanitazama akasema, kumbe nini?

Waliniuliza nani aliyeijenga. Nikawaambia ni kaka. Wakaniuliza na madirisha. Nikasema sijui. Jina lako nilishindwa kulitamka.

Sasa nimekubali yote. Nitakuja tambiko lijalo, nitapiga magoti, nitasema mbele ya ukoo. Jina la kaka litawekwa, kubwa. Meli ninaituma kwako kwenye sanduku pamoja na vipande vyote, uirudishe kama ilivyokuwa, hakuna mwingine anayeweza. Nakuomba kitu kimoja. Kamati watakuja huko kukuona, kwa kuwa wewe ni mjane wa kaka. Waambie nilikuwa mwanafunzi wa kaka, kwamba ulinifundisha nami nikasahau, uzee. Wakiacha jina langu hata kwa maandishi madogo, pale chini, mimi nitaridhika. Nina wajukuu wanaojua babu yao ni nani.

Shemeji yako anayekuheshimu,
Chil-bok


Chungmu, 11 Novemba 1983

Chil-bok,

Nimechelewa kujibu, ni msimu wa kutia kabichi kwenye mitungi, na mwaka huu pilipili imekuwa kali mpaka Geum-ja anapiga chafya kwenye nywele za watu. Sanduku limefika. Nililifungua peke yangu, na hilo sitalisema zaidi, maana ile ndiyo meli ya mwisho aliyoigusa Du-man, na wewe umeiingizia patasi. Kwamba utaivunja ile, hilo sikuliwazia kabisa. Niliwaza utavunja yako.

Maana nilijua hutaniamini. Ulipoandika kwamba gazeti ndilo lililokosea, nikasema huyu amedanganya muda mrefu mpaka hajui tena kwamba kuna watu wanasema kweli. Ningekupa uongo, ungeupima, ungeuliza, huenda ungeshtuka mapema. Nikasema nimpe kweli yote, haijapunguzwa. Nikupe na gundi na mafuta na jiwe. Nikupe mara mbili na kiapo juu. Ungenisikiliza siku moja tu, leo ungekuwa fundi mkuu, na mimi ningekufa na donge langu. Nilijiweka hatarini, Chil-bok. Kuanzia mwezi wa tano nilikuwa silali nikifikiri, na je akiamini.

Kamati walikuja, wale wazee watatu na mama mmoja mwenye miwani. Wakavua viatu, wakakaa kwenye sakafu ya moto, wakala wali wa chaza. Yule mzee mpole unayemsema anakula kama mtu aliyetoka gerezani. Nikatoa kijiti, nikawatengenezea madirisha manne hapo hapo kwenye meza ya kulia chakula, huku wanashika sahani zao mkononi. Yule mama akauliza jina langu linaandikwaje. Sikujua. Geum-ja akamwandikia, nikalitazama, ni refu kuliko nilivyodhani.

Wakauliza habari zako. Nikawaambia kweli, sina tena lugha nyingine. Nikasema shemeji yangu alikuwa anaranda mbao vizuri. Na ulikuwa unaranda vizuri, nisikunyime.

Usije tambiko. Ukija utalia, wewe machozi yako hayako mbali, na watu wa huku watasema maskini Chil-bok amejirudi, na mimi nitatakiwa nikupikie. Nimeshakwambia mto ulikuwepo mwezi wa tano. Sasa huo mto anaukalia paka wa mama Bae.

Meli sitairudisha kama ilivyokuwa. Kamati wenyewe ndio waliosema, na mimi nikakubali. Itakaa kwenye jumba lao vile vile, ubavu wa kulia mzima, wa kushoto wazi na vipande vimepangwa chini yake, watu waone jinsi dirisha linavyoachwa. Kibao kimeshaandikwa, Geum-ja amenisomea. Meli imejengwa na Jegal Du-man wa Chungmu. Madirisha ni ya mkewe, Ok Mal-rye.

Halafu yule mama mwenye miwani akaniuliza, kwa upole, mtu akiona ubavu mmoja umevunjika atataka kujua kwa nini, tuandike au tuache. Akasema uamuzi ni wangu. Nikamwambia mama, shemeji yangu ameniandikia anaomba jina lake libaki pale, hata kwa maandishi madogo, ana wajukuu. Nikamwambia andika.

Kwa hiyo umepata ulichoomba. Mstari wa tatu, chini kabisa, maandishi madogo: ubavu wa kushoto umevunjwa na Jegal Chil-bok. Wapeleke wajukuu waone.

Ok Mal-rye